Jioni za kuchangisha za klabu ya huduma Kisumu: ipi inastahili pesa yako

Nianze na hukumu, maana najua wengine mnasoma haya mkiwa na kadi ya mwaliko mezani na mshahara haujaingia. Usiku wa maswali, nenda. Samaki wa Dunga, kule ufuoni mwa ziwa, nenda na watoto. Matembezi ya asubuhi, nenda kama magoti yanakubali. Chakula cha jioni cha hotelini, kile cha nguo ndefu na meza za watu kumi kumi, ngoja usome kwanza.

Klabu yenyewe, inayochangisha pesa za kambi za macho, sitaitaja. Kisumu ni jiji tangu 2001 lakini kwa umbea bado ni kijiji, na mle ndani kuna watu ninaokutana nao kanisani. Wenye kujua watajua. Ni moja ya zile zenye kengele ya kufungulia mkutano, beji ya kwenye kola, na mtu aliyepewa kazi rasmi ya kutoza faini wanaochelewa. Asili ya vilabu vya aina hii ni Chicago: Rotary ilianzishwa huko 1905 na wakili Paul Harris, na Lions ikafuata 1917 kwa juhudi za Melvin Jones, mtu wa biashara ya bima. Kwa miaka mingi vilikuwa vya wanaume tu. Lions waliwafungulia wanawake mlango 1987, Rotary 1989. Nalitaja hilo kwa sababu mhazini wa klabu ninayoizungumzia ni mwanamke, na kama kuna kitu kinachonifanya niendelee kununua tikiti zao, ni yeye.

Na mimi ni nani wa kuhukumu? Nilikuwa keshia wa benki mpaka nikastaafu, na sasa naweka vitabu vya chama chetu cha akina mama hapa Migosi. Aliyezoea kukaa nyuma ya kioo akihesabu noti za wengine haachi tabia hiyo. Kwenye harambee wenzangu humtazama emsii. Mimi humtazama anayeshika kalamu.

Basi, chakula cha jioni. Tikiti ilikuwa shilingi 4,000 kwa mtu, meza nzima 40,000, kwenye hoteli moja ya Milimani. Kadi iliandikwa saa kumi na mbili na nusu. Saa moja na nusu wahudumu walikuwa bado wanafunga vitambaa kwenye viti, na sisi tuliofika kwa wakati tumesimama na glasi za juisi, joto la Kisumu likitumaliza ndani ya nguo tusizozizoea. Chakula chenyewe kilifunguliwa karibu na saa nne. Nasema kwa uchungu kwa sababu kilikuwa kizuri: pilau isiyoelea mafuta, kuku wa kienyeji aliyechemshwa mpaka akakubali, na ile meza ya wasiokula nyama ambayo watu huipita wakikimbilia kuku, halafu hujuta. Wanachama kadhaa ni wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi, na hao hawawezi kuiacha hoteli ipike dengu ovyo. Nilijipakulia dengu, bhajia na kachori, nikawaacha wenzangu kwenye foleni ya mapaja.

Muda wote wa kungoja ulijazwa hotuba. Uongozi wa vilabu hivi hubadilika kila mwaka, Julai mosi, kwa hiyo marais wastaafu hawakosi. Alizungumza rais wa sasa, akazungumza aliyepita, akazungumza ajaye, kila mmoja akimshukuru mwenzake kwa majina yake yote. Mgeni wa heshima, kwa bahati, hakuwa mwanasiasa. Miaka ya nyuma angekuja mtu na bahasha "kutoka kwangu na marafiki zangu", na jioni yote ingekuwa ya huyo na marafiki zake. Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais Ruto alitangaza kwamba maafisa wa serikali wasishiriki tena harambee. Sitasema bahasha zimekwisha Kenya, habari mnazitazama kama mimi. Lakini ukumbini mle tofauti ilionekana. Mgeni alikuwa daktari wa macho. Alizungumza kwa ufupi, akaonyesha picha ya jicho kabla na baada ya upasuaji, akaketi. Ndiyo hotuba pekee ya usiku ule iliyokosa maneno "itifaki imezingatiwa".

Kisha mnada, na hapa lazima niwape haki yao. Walinadi jezi ya Gor Mahia iliyotiwa sahihi, wakanadi picha ya mtumbwi wenye tanga, wakanadi keki, wakamleta jogoo. Jogoo ndiye aliyeleta pesa. Wageni wa Nairobi walishangaa, lakini sisi tuliokulia kwenye harambee za makanisa ya huku magharibi tunajua utaratibu: anayeshinda hamchukui, humrudisha mbele anadiwe upya. Yule jogoo aliuzwa, akarudishwa, akauzwa tena, akarudishwa, hadi mzee mmoja kutoka Vihiga akasema huyu sasa ni wangu, akamweka chini ya meza yake. Kuanzia hapo kila hotuba ilipata mwitikio.

Kilichonikera ni usomaji wa majina. Nambari ya Paybill ilikuwa kwenye skrini, na kila ujumbe wa M-Pesa ulipoingia emsii alisoma jina na kiasi. Elfu hamsini, makofi. Elfu kumi, makofi. Halafu akasoma jina la mtu na shilingi 200, akatulia kidogo, akasema, "Huyu ametutumia nauli yake ya kurudi." Ukumbi ukacheka. Yawezekana aliyetuma alikuwa mmoja wa wahudumu waliosimama na sinia ukutani, na akasikia. Tangu M-Pesa ianze 2007 mtu anaweza kutoa bila kusimama mbele za watu. Ni kwa nini tuitumie hiyo hiyo kumsimamisha?

Najua kusoma majina hakukuanzia Milimani. Harambee ilipokuwa wito wa taifa chini ya Jomo Kenyatta, mwaka 1963 na baada yake, watu wa huku walijenga nayo mambo makubwa. Taasisi ya Ramogi, RIAT, hapa juu njia ya Kakamega, ni jasho la harambee. WECO ya Kakamega nayo, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, ni hivyo hivyo. Wazazi wetu walipeleka mayai, kuku na sarafu, karani akaandika na kusoma, na aliyeleta yai akatajwa kwa sauti ile ile iliyomtaja mwenye ng'ombe. Ilikuwa heshima. Emsii wetu ameichukua heshima hiyo akaifanya kichekesho, na nikimwona tena jukwaani nitampelekea ujumbe huu uso kwa uso.

Sasa hesabu. Wiki iliyofuata nilimfuata mhazini dukani kwake.

"Mama, nisaidie. Ile elfu nne yangu ilienda wapi?"

Mwingine angenituma kwa katibu, na katibu angeniambia niandike barua. Yeye alifungua daftari juu ya meza ya duka, akanigeuzia nisome. Hoteli ilitoza 2,400 kwa kila sahani. Bendi, mapambo, kadi na mpiga picha, ukigawanya kwa waliohudhuria, ni kama 500. Kilichobaki kwenye tikiti yangu ni 1,100.

"Na zile ahadi za mwaka jana, zilifika?"

Alicheka kwanza. Kisha akanionyesha safu ya majina yenye alama nyekundu, na sitasema zaidi kwa sababu majina mengine ni ya watu wakubwa.

Sina ugomvi na hizo 2,400. Hoteli ina wapishi wa kulipa, na bendi nayo inakula. Ugomvi wangu ni na kadi. Kadi ilisema "mchango wako wa shilingi 4,000 utarudisha nuru kwa wasioona". Mchango wangu ulikuwa 1,100. Zile 2,900 nilizila na kuzicheza. Waandike hivyo hivyo kwenye kadi, "chakula na burudani 2,900, macho 1,100", na hakuna atakayeudhika, labda hoteli. Pesa nzito ya usiku ule ilitoka kwa jogoo, kwa jezi, na kwa hundi za kampuni chache za mjini. Tikiti zetu sisi wa kawaida ni za kujaza viti ili wenye hundi wasihutubiwe kwenye ukumbi mtupu. Kwa hiyo kama lengo lako ni kutoa, na una 4,000, itume yote kwenye Paybill ukiwa sebuleni kwako. Utakuwa umetoa zaidi ya mara tatu ya niliyekaa pale na viatu vya kuuma. Kama lengo lako ni kuvaa vizuri na kula dengu pamoja na watu wa heshima, hapo tikiti ni halali yake na wala si ghali sana kwa Milimani.

Jambo moja ambalo mhazini alinieleza, na ambalo wengi wanaolalamika kuhusu vilabu hivi hawalijui: pesa ya kuendesha klabu na pesa ya umma hazilali kitanda kimoja. Kwa Lions hii ni kanuni ya dunia nzima. Ada za wanachama ndizo zinazolipia mikutano, beji na safari zao; kinachochangwa na umma, ukishatoa gharama za moja kwa moja za shughuli yenyewe, lazima kirudi kwa umma. Klabu hii nayo ina akaunti mbili, na nimeziona taarifa zote mbili kwa macho yangu. Chakula chao cha mchana cha kila wiki hawakili kwa pesa za jogoo wetu.

Usiku wa maswali ni kitu kingine kabisa. Tikiti 500, meza za watu watano, ukumbi wa shule uliotolewa bure. Sambusa na chai huuzwa na wanachama wenyewe nyuma ya ukumbi, na mwenye kuuliza maswali ni mwalimu mstaafu wa jiografia ambaye hana haja ya kipaza sauti, ingawa walimpa kimoja kinachorudisha mwangwi mpaka akakizima mwenyewe. Unakuja na meza yako au unapangiwa. Mimi nilipangiwa na muuguzi, mwalimu wa msingi, dereva wa matatu za Busia, na mkwe wa huyo dereva, ambaye alikuja kwa ajili ya sambusa.

Maswali ni mazuri kwa sababu ni yetu. Reli ilifika ziwani mwaka gani na kituo kiliitwaje? 1901, Port Florence. Ikweta inaikata wapi barabara ya Busia? Dereva wetu alijibu kabla swali halijakwisha: Maseno. Gor Mahia walileta nyumbani kombe gani la Afrika na mwaka gani? Hapo meza zote zilisimama, maana 1987 na Kombe la Mandela havihitaji kufikiriwa Kisumu. Kasoro ni ligi ya Uingereza. Mzunguko mzima ulikuwa wa nani alimfunga nani, na meza zenye vijana zikatupita. Nilipeleka malalamiko. Nilitozwa faini ya kubishana na mwalimu, shilingi 100, ndani ya ndoo.

Faini ndiyo siri ya usiku ule. Ukishika simu, 50. Ukimnong'oneza jibu mtu wa meza nyingine, 50. Ukibishana, 100. Wakili mmoja alilipa faini kushinda tikiti yake, na kila akisimama kutafuta noti nyingine ukumbi ulimpigia makofi. Hakuna aliyesomewa kiasi chake hadharani. Anayelipa anacheka, na anayetazama anacheka naye.

Palikuwa na swali moja lililobadilisha hewa. Mwalimu aliuliza hospitali kuu tuliyozoea kuiita Russia ilifunguliwa lini. Vijana waliinamia karatasi wakikisia mwaka. Mzee wa meza ya jirani hakuandika. Alisema kwa sauti, "Tarehe 25 Oktoba 1969," akaongeza kwamba yeye alikuwepo, mtoto wa shule, na bendera mkononi. Waliojua walijua. Siku ile Jomo Kenyatta alikuja kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, yeye na Jaramogi Oginga Odinga, kiongozi wa upinzani, wakarushiana maneno mbele ya umati, na askari wakafyatua risasi. Walikufa watu, watoto wakiwemo, na mpaka leo idadi yao haijapata makubaliano. Leo hospitali hiyo ina jina la Jaramogi. Kijana mmoja akauliza, "Kweli, mzee?" na kwa kitambo hakuna aliyejali pointi. Nilimheshimu mwalimu kwa kutoharakisha. Alingoja mzee amalize, akampa pointi mbili badala ya moja, ndipo akaendelea.

Kabla hatujaondoka mhazini alisimama na karatasi moja. Viingilio kiasi fulani, sambusa na chai kiasi fulani, faini kiasi fulani. Toa uchapishaji wa maswali, toa unga na mafuta. Zimebaki hizi, na ziko kwenye ndoo hii hapa, nani anakuja kuhesabu nami? Nilikwenda mimi na yule wakili. Hesabu ilikuwa sawa hadi shilingi ya mwisho. Kwenye tikiti ya 500, kilichoingia kwenye kazi ni karibu yote. Nendeni.

Tatizo ni usafiri. Tuliachiliwa saa tano usiku, na boda boda wa nje walikuwa wameshapandisha bei. Panga na mtu wa tuktuk mapema.

Matembezi ya asubuhi sina mengi ya kusema. Waliandika saa kumi na mbili na wakaanza saa kumi na mbili, jambo ambalo pekee linastahili nyota. Tunaanzia uwanja wa Jomo Kenyatta, tunazunguka mjini, tunarudi. Vijana wenye ndoo wanakusanya pembeni ya barabara, na nilipomuuliza mmoja kibali kiko wapi, alikitoa mfukoni kikiwa kimekunjwa, kwa sababu sheria ya michango ya umma, Sura ya 106, inataka kibali na mtu aliwafundisha. Fulana ya njano ni 800 na kitambaa chake kinachuja rangi. Usinunue. Tembea na nguo yako, weka 800 ndani ya ndoo.

Dunga sasa. Hii hufanyika Jumapili alasiri, pale ufuoni, na ndiyo ningewapeleka wageni wangu. Klabu haileti mpishi. Inakubaliana na akina mama wanaokaanga samaki pale kila siku, inawalipa bei yao kamili na mapema, bila kuwaambia "hii ni ya hisani, tupunguzieni". Klabu inapata faida kwenye kiingilio na kwenye ngoma, akina mama wanapata siku nzuri ya mauzo, na mtoto wako anapata ngege mzima mwenye kichwa. Mama aliyenipikia aliapa kwamba ngege wake ametoka ziwani, si wale wa barafu kutoka China, na nilipomwonja nilimwamini. Ugali wa mtama, mrenda, kachumbari yenye pilipili ya kweli. Mbuta, samaki mwingine wa ziwani, alikuwa mkavu kidogo. Omba wa mchuzi. Walitangaza pia safari ya mashua ya kuona viboko, lakini siku ile upepo ulikuwa umesukuma magugu maji yote kwenye ghuba na mashua hazikutoka. Wenye mashua walirudisha pesa bila kubishana. Choo ni kimoja na foleni ni ndefu, na hilo waliangalie.

Lakini ngoma! Walileta ohangla, na wakafanya jambo ambalo nashangaa halijafikiriwa na kila kanisa la Nyanza: waliuza pakruok. Kwa wasiotoka huku, ni ile desturi ya Kijaluo ya kusimamisha muziki, kutoa pesa kwa mwanamuziki, na kujisifu mbele ya watu, wewe na kwenu na wakwe zako. Hapa pesa haikwenda kwa mwanamuziki, ambaye alikuwa amelipwa kando, bali ndani ya ndoo. Shilingi 200 kwa kila kujisifu. Mwanaume mmoja akasimamisha ngoma kusema yeye ndiye mkwe asiyeulizwa ng'ombe wamebaki wangapi. Mama mmoja akajibu papo hapo kwamba yeye ni wa Nyakach, akipika omena paka wa majirani wanahama makwao. Yule mkwe akarudi na 400 kujitetea. Mwanachama mmoja wa asili ya Kihindi, mwenye duka la vyuma mjini, akasimama akajisifu kwa Dholuo safi kuliko changu, na ufuo mzima ukapiga kelele. Shilingi 200 ile ile iliyochekwa kule hotelini hapa ilimnunulia mtu dakika nzima ya kuwa mfalme. Emsii wa Milimani angetumwa Dunga akajifunze.

Ili hukumu yangu isiwe ya sahani tu, nilikwenda kuona kazi yenyewe. Kambi ya macho ilifanyika kwenye shule ya msingi upande wa Seme, njia ya Bondo, kabla ya Kombewa. Si ajabu vilabu vya namna hii kupenda macho. Mwaka 1925 Helen Keller, mwenyewe hakuona wala hakusikia, alisimama mbele ya Lions kwenye mkutano wao huko Cedar Point, Ohio, akawaomba wawe watetezi wa vipofu. Rotary nao walichagua polio mwaka 1985, na wengi wetu tuna watoto waliodondoshewa matone yale mdomoni.

Mtoto wa jicho ndio chanzo kikubwa cha upofu Kenya, na ni upofu unaotibika: lenzi iliyoingia ukungu inatolewa, ya plastiki inawekwa, na kwa mkono mzoefu haichukui hata nusu saa. Nilidhani kazi kubwa ni huo upasuaji. Kumbe kazi kubwa ni foleni. Kwanza darasa la kupima, lenye ubao wa herufi E zilizogeuzwa juu, chini, kushoto na kulia, ili asiyesoma aonyeshe kwa mkono zinakotazama. Kisha tochi. Kisha presha na sukari, na hapa wengi walikwama, kwa sababu presha ikiwa juu daktari hapasui. Unaandikiwa dawa na unaambiwa ungoje kambi nyingine. Niliona bibi mmoja akikataa kutoka kwenye benchi, akidai wampime tena akishapumzika. Wakampima tena. Ilikuwa imeshuka. Akaandikwa alama ya kalamu juu ya jicho lenyewe, akapanda basi la hospitali huku akitulaumu kwa kumchelewesha.

Kesho yake nilikuwepo bandeji zikifunguliwa. Mzee mmoja alifunguliwa, akapepesa, akamtazama mkewe kwa muda, akamwambia kwa Dholuo kwamba amezeeka. Mkewe akamjibu kwamba alizeeka wakati yeye hatazami. Muuguzi ilibidi ageuke ukutani acheke.

Ila klabu, na hili nawaambia kwa upendo: ile bango kubwa, ile hundi ya kadibodi, na zile hotuba, zipelekeni kwingine. Watu wale walikuwa wamefika tangu alfajiri, wengine bila kula, na wakakaa juani wakisubiri rais wa klabu amalize kuwashukuru wadhamini. Na mpiga picha aliingia kati ya wagonjwa akiwapiga karibu na uso bila kuuliza yeyote. Mtu asiyeona hajui hata kwamba anapigwa picha. Muulizeni kwanza, kwa lugha yake, na akikataa mwacheni. Nilimwambia hivyo katibu, akaniambia wafadhili wanataka kuona. Basi wafadhili waje Seme na viatu vya vumbi, benchi zipo.

Kwa wanaopanga: chakula cha hotelini ni Desemba, na nimeshamwambia mhazini nitanunua tikiti siku kadi itakapogawanya bei sehemu mbili. Amesema atalipeleka kwenye kamati. Dunga hutangazwa kwenye mabango ya maduka ya Oginga Odinga Street, fika kabla ya saa nane samaki wakubwa hawajaisha. Usiku wa maswali ni kabla ya hapo, na bei bado ni 500. Meza yetu imebaki na nafasi moja, maana ule mkwe wa dereva amepata kazi Eldoret. Tunatafuta mtu anayeijua ligi ya Uingereza, awe kijana, awe mzee, hata akiwa shabiki wa timu ya kufungwa. Tikiti yake nitalipa mimi, faini atajilipia.